Usiku wa ishirini na tisa

Chukua ramani, weka rula juu ya Chake Chake, kisha ipandishe moja kwa moja kaskazini. Itapita Kenya, Ethiopia na Eritrea, itavuka Bahari ya Shamu na kukufikisha Makka. Chake Chake iko kwenye longitudo ya digrii 39.8 mashariki, na Makka ni hizo hizo 39.8. Mjini Unguja imerudi nyuma kidogo, 39.2. Kwa hesabu ya jua, Pemba na Makka ni majirani wa mstari mmoja, ingawa baina yao kuna mwendo wa kilomita karibu 3,000.

Naanza na ramani kwa sababu kila unapokaribia mwezi ishirini na tisa wa Shaaban, na tena ishirini na tisa wa Ramadhani, Zanzibar hugawika kwa hoja mbili zilizozoeleka. Wapo wanaosema kila nchi na mwezi wake, na wapo wanaofuata mwandamo wa kimataifa, ambao kwa vitendo huwa ni tangazo la Saudia. Hoja zote mbili zinachukulia kwamba mwezi wa kule na wa huku unaweza kuwa tofauti kwa sababu ya umbali. Katika mstari wa kaskazini na kusini, umbali una kazi ndogo sana. Kinachoukuza mwezi mchanga ni saa zinazopita tangu ulipokutana na jua, na saa hizo hutofautiana baina ya watu wa mashariki na wa magharibi. Mwezi Machi jua linatua Unguja na Makka kwa kupishana dakika chache tu. Hata Juni na Disemba, pengo linapokuwa kubwa kabisa, halifiki saa nzima, na katika saa moja mwezi hujitenga na jua kwa nusu digrii tu. Kinachobaki ni mwinamo wa njia ya mwezi: ukiwa umeelemea kusini unatufaa zaidi sisi, ukielemea kaskazini unawafaa wao. Hiyo ni tofauti ya digrii chache, nayo haipendelei upande mmoja mwaka hata mwaka.

Sasa angalia yaliyotokea. Mwaka 2024 Saudia ilianza kufunga Jumatatu ya tarehe 11 Machi, hapa tukaanza Jumanne. Mwaka 2025 Saudia ilisali Idd Jumapili ya tarehe 30 Machi, hapa ikawa Jumatatu. Kama sababu ingekuwa matlai, yaani mahali mwezi unapochomozea, tofauti ingekwenda huku na kule: mwaka huu wao watangulie, mwaka mwengine sisi. Haiendi hivyo. Hutangulia wao. Kwa hiyo tofauti haitoki mbinguni. Inatoka kwenye namna ya kupokea ushahidi, na hilo ni suala la sheria.

Jioni ya Jumamosi, 29 Machi 2025, inafaa kutazamwa kwa karibu kwa sababu mwezi wenyewe ulitoa ushahidi. Siku hiyo jua lilipatwa kwa sehemu, na watu wa Ulaya na kaskazini magharibi mwa Afrika waliliona. Kupatwa kwa jua ni mwezi kupita mbele ya jua. Hakuna alama iliyo wazi zaidi ya kwamba mwezi wa zamani umekwisha dakika hiyo na mpya haujajitenga. Mkutano wenyewe wa mwezi na jua ulitimia saa 7 na dakika 58 mchana kwa saa zetu. Jua likazama Unguja karibu na saa 12 na nusu jioni. Mwezi ulikuwa na umri wa saa nne na nusu, na haujafika hata digrii nne kutoka kwenye jua.

Digrii nne ni kidogo kiasi gani? Miaka ya 1930 mwanafalaki wa Kifaransa André Danjon aligundua kwamba kadiri mwezi unavyokaribia jua, ncha za hilali hufupika, na ukifika karibu digrii 7 ule uzi wote wa mwanga hupotea. Waliokuja baada yake wameshusha mpaka huo hadi digrii sita na kitu, na nchi za Asia ya Kusini Mashariki, Indonesia na Malaysia zikiwemo, sasa zinatumia 6.4 pamoja na urefu wa digrii 3 juu ya upeo wa bahari. Hilali changa kabisa iliyowahi kuthibitishwa kuonwa kwa jicho tupu ilikuwa na umri wa saa 15 na nusu, na aliyeiona, Stephen O'Meara mwaka 1990, ni mtazamaji ambaye macho yake yanasifiwa na wanafalaki wenzake. Kwa durubini rekodi ilishuka mwaka 2002 hadi saa 11 na dakika 40. Saa nne na nusu haifikii hata rekodi moja kati ya hizo.

Mwaka 2023 ilikuwa vivyo hivyo: jua lilipatwa asubuhi ya tarehe 20 Aprili kwa saa zetu, likaonekana Timor na pembe ya Australia, na jioni yake mwezi ulikuwa na umri wa saa 11 tu. Saudia ikatangaza Idd kesho yake.

Msomaji asifahamu kwamba nawaita mashahidi waongo. Hapa ndipo utafiti unaposaidia zaidi kuliko ubishani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wanafalaki wawili wa Marekani, LeRoy Doggett na Bradley Schaefer, waliwahimiza watu wengi wa kawaida watazame hilali jioni zilizopangwa, kisha wakalinganisha majibu na hesabu. Katika jioni ambazo mwezi haukuweza kuonekana, karibu asilimia 15 ya watazamaji walisema wameuona. Hawakuwa na funga wala Idd ya kugombania. Jicho likitafuta kitu chembamba kwenye anga yenye mwanga wa magharibi, hujitengenezea. Ukingo wa wingu unaong'aa, moshi wa ndege, sayari ya Zuhura nyuma ya utando wa mawingu, vyote vimewahi kuwa mwezi. Inasimuliwa kuwa Kadhi Iyas bin Muawiya wa Basra alisimama na Sahaba Anas bin Malik, aliyekuwa ameshazeeka, na Anas akasema anauona mwezi pale ambapo hakuna mwengine aliyeuona. Iyas akaufuta unywele mweupe uliokuwa umening'inia kwenye nyusi yake, akamuuliza tena. Akasema hauoni.

Weka hiyo asilimia 15 kwenye fukwe zetu. Jioni ambayo mwezi hauwezi kuonekana, ukiweka watu 100 wa kweli, wacha Mungu, kuanzia Nungwi hadi Kizimkazi na kuanzia Ras Kigomasha hadi Mkoani, lazima utegemee wachache waje na habari. Na simu hupigwa na hao wachache. Wale themanini na zaidi ambao hawakuona kitu huenda kula, hawampigii mtu. Ofisi inayopokea simu za kuthibitisha tu, bila kuhesabu waliokosa, inapima kwa mzani wenye sahani moja.

Kutazama hilali ni kazi yenye utaratibu, na visiwa vyetu vimepata bahati. Tupo digrii 5 hadi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi unashuka karibu wima, haulambi upeo kwa mshazari kama London. Hesabu ya kichwa inatosha: kila digrii moja ya urefu ni dakika kama 4 za kuzama. Mwezi ulio juu kwa digrii 8 jua linapozama utakuwapo kwa nusu saa hivi. Wakati mzuri si mara tu jua linapogusa maji, kwa sababu anga bado ni nyeupe mno, wala si mwisho kabisa, kwa sababu mwezi umeshaingia kwenye ukungu wa chini. Bernard Yallop wa Uingereza, katika kanuni yake ya 1997, aliuweka kwenye sehemu nne za tisa ya muda huo. Kwa nusu saa yetu ni kama dakika 13 au 14 baada ya machweo.

Taabu yetu ni upeo. Kutoka Mjini au Mangapwani unatazama bara, na juu ya bara jioni huwa kuna vumbi, moshi na mawingu yaliyojipanga. Upande wa magharibi wa Pemba mkondo ni mpana zaidi, na Ras Kigomasha kwenye mnara wa taa ni pahala pazuri kuliko sehemu nyingi zinazotumika. Mwezi wa Machi na Aprili, masika yakishaingia, hata huko huwa ni kubahatisha. Miaka ya 2021 hadi 2025 Ramadhani ilikuwa imekaa humo humo kwenye masika. Sasa inarudi nyuma siku 11 kila mwaka kuingia kwenye kaskazi, anga itakuwa safi, na visingizio vya mawingu vitapungua.

Shahidi akija, maswali ya kumuuliza ni machache na hayahitaji shahada. Uliuona saa ngapi? Kushoto au kulia kwa pale jua lilipozamia? Urefu gani juu ya maji, kwa vidole vya mkono ulionyooshwa? Kidole kimoja ni karibu digrii 2, ngumi nzima ni 10. Ncha zilielekea wapi? Katika anga letu hilali mara nyingi hulala kama dau, ncha juu, mgongo chini kwenye jua lililozama. Anayesema ncha zilielekea chini ameona kitu kingine, maana upande wenye mwanga siku zote hutazama jua. Ulikaa muda gani hadi kuzama? Mliokuwa pamoja mlikuwa wangapi, na wangapi hawakuuona? Ukikusanya majibu hayo na kuyaweka kando ya jedwali la siku ile, nusu ya khitilafu inakwisha kabla ya Isha.

Kuna hoja nyengine mbili za mitaani ambazo lazima zijibiwe. Ya kwanza ni ya kesho yake: mwezi umeonekana mnene, basi "ule ulikuwa wa juzi". Hili lilishaulizwa zamani. Katika Sahihi Muslim wasafiri waliuona mwezi, wengine wakasema ni wa siku tatu, wengine wa siku mbili, na Sahaba Ibn Abbas akawajibu kwamba ni wa usiku ule waliouona. Falaki inamuunga mkono kwa hesabu nyepesi. Mwezi wenye umri wa saa 14 jioni ya kwanza hauonekani. Jioni ya pili una saa 38, umekaa mbali na jua karibu digrii 19, umenenepa mara kadhaa, na unakaa juu zaidi ya saa nzima. Ni mnene kwa haki yake, na bado ndio mara ya kwanza kuonekana.

Ya pili ni ya wavuvi na akina mama wa mwani, na kwa kuwa inatoka kwa watu wanaoijua bahari inasikika kama ushahidi mkubwa: bamvua, yale maji makubwa ya bahari, limeshapanda, kwa hiyo mwezi umeshaandama. Bamvua halifuati kuandama. Linafuata kule kukutana kwa jua na mwezi, ambako hakuonekani na mtu, na kilele chake huja siku moja au mbili baadaye. Maji hupanda sawasawa wala hayajali kama kuna aliyeona hilali Nungwi. Kwa hiyo bahari inaweza kukwambia kwamba mkutano umepita. Haiwezi kukwambia kama jicho liliweza.

Haya yote ni falaki, na falaki imefanya kazi yake. Inajua mkutano utatimia dakika gani kwa miaka mingi mbele. Juu ya kuonekana inatoa mafungu: jioni ambazo haiwezekani kabisa, jioni ambazo hali ya hewa ikikubali kila mtu ataona, na katikati kuna jioni za shaka ambapo jicho, ukungu na bahati vinaamua. Swali la tatu, nani anayefungwa na mwezi wa nani, haliwezi kujibiwa na durubini, na wanaotaka falaki ilijibu wanaitwisha mzigo usio wake.

Lakini fiqhi yetu wenyewe ina majibu ambayo hatuyatumii vya kutosha. Watu wengi wa visiwa hivi ni Mashafii. Katika madhehebu hayo, shahidi mmoja mwadilifu anatosha kuingiza Ramadhani, na wawili wanahitajika kuitoa. Ndani ya madhehebu hayo hayo, Taqiyuddin As-Subki, aliyefariki mwaka 1355, alishika kwamba hesabu ikithibitisha kwa yakini kuwa mwezi hauwezi kuonekana, ushahidi wa aliyeuona urudishwe, kwa sababu ushahidi ni dhana na hesabu hiyo ni yakini, na dhana haishindi yakini. Ar-Ramli, naye Mshafii, alimpinga na kutaka ushahidi ukubaliwe. Ibn Hajar Al-Haytami akashika katikati: wakikubaliana watu wa hesabu kwa wingi usiotiliwa shaka, ushahidi unarudishwa, vyenginevyo haurudishwi. Zamani za As-Subki mtu angeweza kusema mahesabu yanatofautiana. Leo sekunde ya kupatwa kwa jua inatangazwa miaka kabla na inatimia mbele ya macho ya mamilioni. Sharti la Ibn Hajar limetimia, na sijaona aliyeonyesha vyenginevyo.

Tazama kwamba As-Subki haitumii hesabu kuingiza mwezi. Anaitumia kukataa tu. Mwezi bado unaingia kwa jicho, au kwa kutimiza thelathini. Hili linawaondolea hoja wanaoogopa kuwa falaki itafuta sunna ya kutazama. Haitaifuta, itasafisha orodha ya mashahidi.

Na matlai? Hadithi inayotegemewa ni ya Kuraib. Alitumwa Sham, upande wa Syria ya leo, na Ummul Fadhl, akauona mwezi huko usiku wa Ijumaa. Aliporudi Madina, Ibn Abbas akamwambia wao wameuona usiku wa Jumamosi na wataendelea kufunga mpaka watimize thelathini au wauone. Hakuuchukua mwezi wa Muawiya, mtawala wa Sham. Ukirudi kwenye ramani, Dameski na Madina zimetofautiana kwa digrii tatu na kitu tu za longitudo, dakika 13 za jua. Na wao walikuwa karibu mstari mmoja. Siifasiri hadithi kwa hilo, lakini anayesema Ibn Abbas alikataa kwa sababu mbingu za Sham ni nyengine kabisa ana kazi ya kueleza dakika 13. Katika maimamu wa Kishafii, An-Nawawi alichagua kipimo cha matlai. Ar-Rafii akapendelea masafa ya kukasiri sala, yaani umbali wa safari unaoruhusu kufupisha sala, ambayo hayazidi sana kilomita 80. Ukiifuata kauli ya Ar-Rafii kwa herufi, Chake Chake na Mjini zinaweza kuwa nchi mbili, na hakuna anayetaka hivyo.

Kinachoziunganisha Unguja na Pemba ni kanuni nyengine: hukumu ya hakimu huondoa khitilafu. Hapo sheria ya nchi inapoingia, na hapo pana mwanya ambao watu wa sheria wameuzungumza kidogo mno. Mambo ya dini hayamo katika orodha ya mambo ya Muungano, ndiyo maana Zanzibar ina Mahakama ya Kadhi ya kiserikali na bara haina. Ina pia Ofisi ya Mufti, iliyowekwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2001, nayo ndiyo inayotangaza mwandamo. Katika fiqhi, mufti na kadhi ni watu wawili. Mufti hutoa fatwa, na fatwa inaeleza hukumu bila kumlazimisha asiyeuliza. Kadhi hutoa hukumu, na hukumu inafunga. Ile kanuni ya kuondoa khitilafu inamzungumzia hakimu. Kwa hivyo anayefuata mwandamo wa Saudia anaweza kusema, bila ya ukaidi, kwamba alichosikia redioni ni fatwa miongoni mwa fatwa. Na anayemjibu kuwa serikali imemkabidhi Mufti jambo hili, basi tangazo lake lina nguvu ya hukumu, naye ana hoja. Sheria inamtaja Mufti. Lakini bado watu wanaweza kubishana kama tangazo lake la mwezi ni fatwa au ni hukumu. Kwa maoni yangu, njia ya kuuziba mwanya huo ni kumuweka Kadhi Mkuu kwenye meza ya kupokea ushahidi, mashahidi waulizwe kama mashahidi wa mahakama, na uamuzi uandikwe pamoja na sababu zake, ukiwemo ule wa kuwakataa.

Haya si ya Ramadhani pekee. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na inahesabiwa kwa miezi ya mwandamo. Siku moja ya khitilafu inaweza kuingia kwenye kesi.

Na siku moja ya khitilafu huingia mwilini. Sehemu hii ndiyo inayosahauliwa zaidi. Mwaka 2001 utafiti uliofanywa katika nchi 13 ulifuatilia wagonjwa 12,243 wa kisukari. Wenye aina ya pili, asilimia 79 walifunga angalau siku 15, na kulazwa kwao kwa kuporomoka sukari kulipanda mara 7.5 katika Ramadhani. Wenye aina ya kwanza waliofunga walikuwa asilimia 43, na kwao hatari ilipanda mara 4.7. Watu hawa wanafunga, madaktari wapende wasipende. Swali ni watafungaje.

Mwongozo wa kimataifa wa kisukari na Ramadhani unataka mgonjwa aonane na daktari wiki 6 hadi 8 kabla, yaani katika Rajabu. Dawa hupangwa upya kwa sababu milo imegeuka. Metformini mara mbili kwa siku haina shida, inahamia kwenye futari na daku. Glibenklamidi ndiyo ya kuogopwa: inafanya kazi muda mrefu, na aliyezoea kuimeza na chai ya asubuhi akiimeza daku huanza kutetemeka baina ya Adhuhuri na Alasiri. Daktari huibadilisha au huihamishia kwenye futari. Insulini ya mchanganyiko kwa kawaida hupinduliwa: dozi ya asubuhi huchomwa wakati wa futari, na dozi ya jioni hupunguzwa kwa robo hadi nusu na kuchomwa daku. Kila mtu na vipimo vyake, na hayo hupangwa na anayemtibu.

Tatizo la usiku wa ishirini na tisa linaonekana hapa. Mgonjwa amekula chakula cha kawaida saa 2 usiku na amechoma dozi yake ya kawaida ya jioni. Saa 4 redio inatangaza. Anahisi amekosea, anachoma nyongeza ili kukamilisha "dozi ya futari". Sasa insulini mbili zimepandana, na sukari inaporomoka yeye amelala. Kanuni ya kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya kliniki ni kwamba kilichochomwa hakilipiwi: usiku ule hubaki kama ulivyo, mabadiliko huanza kwenye daku. Usiku wa Idd kosa hugeuka. Mtu amejipangia siku ya kufunga, mara imekuwa Idd, na kuanzia asubuhi ni tambi za sukari, halua na mkate wa ajemi juu ya dozi iliyopunguzwa. Sukari inapanda hadi haisomeki kwenye mashine. Kwa hiyo karatasi iwe na safu mbili, siku ya kula na siku ya kufunga, na mgonjwa ajue mapema ataishika ipi.

Futari yetu yenyewe inastahili neno. Muhogo wa nazi, viazi vikuu, magimbi, ndizi mbivu na tambi katika sinia moja ni wanga tano zilizovaa majina tofauti. Daktari anayemwambia mgonjwa "punguza wali" hajala futari Zanzibar.

Kwa upande wa sukari, vipimo vya kufungua ni viwili: sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, au ikipanda juu ya 16.6, funga imekwisha, hata kama zimebaki dakika 20 kwa Magharibi. Saa mbili za mwisho kabla ya adhana ndizo mtu anapojiambia avumilie kidogo, na ndizo za hatari. Kujichoma kidole kupima hakufunguzi, na wanazuoni wengi wameshalisema hilo. Bado wapo wanaoacha kupima mchana kwa kuogopa tone moja la damu.

Mamlaka ya mwezi ingeweza kuisaidia hospitali kwa jambo dogo: kutaja mapema saa ya mwisho ya kutangaza. Katika latitudo yetu, mwezi unaoonekana kwa shida huzama ndani ya saa moja baada ya jua, na anayeuona ameuona kabla ya hapo. Maswali yale sita yanajibika kwa simu. Kwa jioni ambayo falaki imeshasema haiwezekani, hakuna cha kusubiri hadi saa 5 usiku.

Nafasi ya kujaribu haya bila joto la Ramadhani ipo. Jumatatu, 2 Agosti 2027, jua litapatwa lote, na kivuli cha mwezi kitapita juu ya Jidda na Makka penyewe mchana. Utakuwa mwisho wa Mfunguo Tano, na mwezi utakaoandama ni Mfunguo Sita, wa Maulidi. Mkutano utakuwa karibu na saa 7 mchana kwa saa zetu. Jioni ile mwezi utakuwa na umri wa saa tano na kidogo, na atakayepiga simu kusema ameuona anaweza kuulizwa kwa upole uko wapi. Jioni ya Jumanne utakuwa na saa 29, zaidi ya digrii 14 kutoka kwenye jua, na anga ya kusi ikikubali utaonekana na kila mwenye macho. Skuli za Nungwi, Kizimkazi, Wete na Mkoani zinaweza kupewa fomu kwa jioni zote mbili. Fomu ya ukurasa mmoja inatosha: pahala, saa, mawingu, vidole juu ya maji, ncha, na safu moja pana ya kuandika "hatukuuona".